Kuchagua mashine ya chumvi ya bwawa la kuogelea: hesabu gramu kabla ya kusoma kisanduku

Wapo watakaokuambia kwa kujiamini kwamba bwawa lao ni la chumvi, halina klorini. Linayo. Ila haifiki kwa ndoo wala kwa jerikeni. Inazaliwa ndani ya bomba, hatua chache baada ya chujio. Maji yenye chumvi kidogo hupita kwenye seli, ambayo ni mabamba ya titaniamu yaliyopakwa oksidi ya rutheniamu au iridiamu, yamepangwa karibu karibu kama kurasa za kitabu. Umeme wa volti ndogo ukipita kati ya bamba na bamba, chumvi iliyoyeyuka inavunjwa: bamba moja linatoa klorini inayoingia majini papo hapo, jingine linatoa haidrojeni, vile vipovu vyeupe unavyoviona pale maji yanaporudi bwawani. Klorini ikishamaliza kazi ya kuua vijidudu na mwani, au ikivunjwa na jua, hurudi kuwa kloridi, na mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana chumvi hailiwi na mashine. Hupungua maji yanapomwagika, yanapovuja au unapoosha chujio, lakini si kwa mvuke.

Na wala si chumvi ya baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi. Bwawa la namna hii huhitaji gramu 3 hadi 4 tu, kiasi ambacho ulimi wa wengi huona chumvi kidogo tu.

Nimeeleza hayo mwanzoni kwa sababu mnunuzi asiyejua mashine inafanya nini hununua kwa maneno yaliyoandikwa nje ya kisanduku, na maneno yale ndiyo yanayowaponza wengi.

Hatua ya kwanza: jua bwawa lako linabeba maji kiasi gani

Bwawa la pembe nne ni jepesi: urefu mara upana mara kina cha wastani. Lenye mita 10 kwa 5, kina kikianza mita 1 na kuishia mita 1.8 kwa mteremko ulio sawa, wastani wake ni 1.4, hivyo linabeba mita za ujazo 70, yaani lita 70,000. La duara au la yai, zidisha urefu kwa upana kwa kina, kisha zidisha kwa 0.785. Lenye umbo la figo au la maringo mengine, likate kichwani mwako vipande vipande, upime kila kimoja, ujumlishe.

Kama umbo limekushinda na unapanga kuweka chumvi vyovyote vile, chumvi yenyewe itakupimia. Pima chumvi iliyomo, tia kilo unazozijua, acha pampu izungushe maji siku nzima, kisha pima tena. Ukitia kilo 50 na kipimo kikapanda kwa gramu 0.7 kwa lita, gawanya 50 kwa 0.7: unapata mita za ujazo 71. Tatizo ni kwamba jibu hili linakuja baada ya kuamua kuingia kwenye chumvi, kwa hiyo kwa ajili ya ununuzi, tumia futi ya kupimia, usikisie kwa macho. Jicho hudanganya sana juu ya kina.

Hatua ya pili: geuza maji kuwa gramu

Miligramu 1 ya klorini katika kila lita ni sawasawa na gramu 1 katika kila mita ya ujazo. Kwa hiyo hapa huhitaji kanuni ngumu. Bwawa la nje linalopigwa na jua, maji yakiwa na kinga ya jua ya kutosha (nitaigusia mbele), hupoteza miligramu 2 hadi 4 za klorini kwa lita kwa siku. Chukua 3. Bwawa letu la mita za ujazo 70 linataka 70 mara 3, gramu 210 kila siku.

Sasa jiulize: pampu yako inazunguka saa ngapi? Mashine haitengenezi chochote pampu ikiwa imezimwa. Ikizunguka saa 8, unagawanya 210 kwa 8, unapata gramu 26 na ushei kwa saa. Lakini hiyo ni mashine ikikimbia mwendo wake wote bila kupumua. Wakija wageni kumi siku ya joto kali, haina akiba. Mimi hupenda siku ya kawaida iendeshwe kwa asilimia 60 hadi 65. Gawanya 26 kwa 0.65, unakaribia gramu 40 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Mwenye pampu inayozunguka saa 12 anatosheka na gramu 27 kwa bwawa lilelile, na mwenye pampu ya kasi inayobadilika, anayeiendesha polepole karibu mchana kutwa na usiku, anaweza kununua ndogo zaidi.

Rudi sasa kwenye kisanduku. Kimeandikwa "kwa bwawa hadi lita 75,000", nawe una 70,000, unaona umepona. Soma maandishi madogo. Mara nyingi namba hiyo imekokotolewa kwa pampu inayozunguka saa 24 na mashine iliyofunguliwa hadi mwisho. Mtengenezaji hajasema uongo. Amesema ukweli usiokuhusu wewe. Tafuta mahali palipoandikwa uzalishaji kwa saa. Ukikuta umeandikwa kwa siku, gawanya kwa 24. Kwa ratili ni vilevile: ratili 1 ni gramu 454, basi mashine ya ratili 1.5 kwa siku hutoa gramu 28 kwa saa, na katika saa zako 8 hutoa 227. Kwa bwawa letu hiyo inatosha kwa tabu, bila nafasi ya kupumua. Kanuni ya mkato ya mafundi, kununua mashine iliyoandikwa ukubwa wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya bwawa lako, imetokana na hesabu hizi hizi. Ila mimi naamini gramu zaidi kuliko kanuni ya mkato.

Kwa wapenda hesabu, kuna njia ya kumhakiki muuzaji. Katika nafasi moja kati ya bamba na bamba, ampea 1 ikipita kwa saa 1 haiwezi kutoa zaidi ya gramu 1.32 za klorini. Hii ni sheria ya Faraday, haijali chapa. Seli yenye nafasi 6 zilizounganishwa kwa mfuatano ikivuta ampea 5 haiwezi kuvuka 5 mara 6 mara 1.32, gramu 39 na kitu, na kwa kuwa kila mara kuna upotevu, itatoa pungufu ya hapo. Ukiona tangazo la gramu 60 kwa seli ya aina hiyo, rudisha kisanduku rafuni.

Hatua ya tatu: unanunua seli, vingine ni vya kuisindikiza

Kisanduku cha ukutani chenye taa na vitufe ndicho kinachovutia macho, lakini kinachochakaa ni seli. Rangi ile ya rutheniamu huisha taratibu, na ikiisha, titaniamu tupu haizalishi klorini. Uhai wa seli hutajwa kwa saa za kufanya kazi, na saa 10,000 ni tamko la kawaida. Zigawe kwa saa 8 za pampu yako: siku 1,250, miaka mitatu na miezi kadhaa, ikiwa inafanya kazi muda wote pampu inapozunguka. Mashine nyingi zinapowekwa asilimia 50 hazipunguzi nguvu. Zinawaka nusu ya muda na kulala nusu. Kwa hiyo seli kubwa inayoendeshwa nusu hudumu kalenda mara mbili. Hapo ndipo mashine kubwa inapogeuka kuwa ya bei nafuu, na ndiyo sababu sijawahi kumshauri mtu anunue ile inayomtosha tu.

Kabla hujalipa, uliza bei ya seli peke yake. Muuzaji akishangaa swali, hiyo nayo ni habari. Kisha linganisha mashine mbili hivi: zidisha saa za uhai kwa gramu kwa saa, upate jumla ya gramu ambazo seli itatoa maishani mwake, gawanya bei ya seli kwa jumla hiyo. Utashangaa ni mara ngapi mashine ya bei ya chini ndiyo yenye gramu ghali. Uliza pia kama seli ya mtengenezaji mwingine inaingia. Mashine inayokubali seli yake tu imekufunga kwa muuzaji mmoja kwa miaka yote utakayokuwa nayo.

Chokaa ndicho adui mwingine wa seli. Maji magumu huacha gamba jeupe kwenye bamba linalotoa haidrojeni, kwa sababu pale ndipo pH, kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, inapopanda sana. Mashine karibu zote za leo hubadilisha mwelekeo wa umeme kila baada ya saa chache, gamba likaachia na kubebwa na maji. Angalia kama muda wa kubadilisha unaweza kurekebishwa. Maji magumu yanataka kubadilisha mara kwa mara. Maji laini hayahitaji, na kila badiliko hula rangi kidogo. Na kama unachagua kati ya seli yenye ganda angavu na yenye ganda jeusi, vingine vyote vikiwa sawa, chukua angavu. Kuona gamba bila kufungua bomba kunaokoa asubuhi nzima.

Swichi ya mtiririko

Hapa sina mjadala. Mashine isiyo na kifaa cha kutambua kwamba maji yanapita, usiinunue hata ikiwa ya bure. Seli ikiendelea kuwaka huku maji yamesimama, haidrojeni hujikusanya ndani ya bomba, na gesi hiyo ikikutana na cheche hulipuka. Vipande vya plastiki vimewahi kuruka kwenye vyumba vya pampu kwa sababu hii. Kuna swichi za kasia, zinazosukumwa na maji, na kuna za joto zisizo na kiungo kinachosogea. Zote zinafaa. Zaidi ya swichi, umeme wa mashine ufungwe pamoja na wa pampu, ili pampu ikizimwa na mashine izimwe, na seli iwekwe kwenye bomba lililopinda kwa namna ambayo gesi, ikijikusanya, itabaki juu ya seli na kuacha mabamba bila maji, yakome kuzalisha gesi, badala ya kurudi nyuma kwenye chujio. Mchoro wa mtengenezaji huonyesha pindo hilo. Fundi anayesema "si lazima", tafuta mwingine.

Mwenye pampu ya kasi inayobadilika aangalie kiwango cha chini cha mtiririko ambacho swichi inakubali. Wapo waliopunguza kasi ili kubana umeme, kisha wakashangaa bwawa kugeuka kijani wiki iliyofuata: maji yalipita polepole mno, swichi ikaamini yamesimama.

Kisanduku cha ukutani

Cha maana ni vitu vichache. Uzalishaji uweze kurekebishwa kwa hatua ndogo. Zile za taa tano, kila taa asilimia 20, hukulazimisha kuchagua kati ya pungufu na kupita kiasi. Kama bwawa lina kifuniko, mashine iwe na njia ya kujipunguza kifuniko kinapofungwa, maana bila jua klorini hurundikana. Pasiwepo feni inayovuta hewa ya nje yenye mvuke wa asidi. Kufungwa kwake dhidi ya maji kuwe angalau IP65 kama kitakaa nje, na hata hivyo kipe kivuli.

Simu, intaneti na picha nzuri kwenye kioo ni starehe. Kipimo cha nguvu ya kuua vijidudu, kile cha milivolti, kinasaidia kwenye mabwawa ya ndani, lakini nje, penye kinga ya jua nyingi, kinayumba, na sitalipia zaidi kwa ajili yake.

Kuhusu namba ya chumvi inayoonyeshwa na mashine, kuwa na shaka. Haipimi chumvi, inapima jinsi umeme unavyopita, kisha inakisia. Maji yakipoa, umeme hupita kwa shida, na namba hushuka. Seli ikizeeka, vilevile. Niliwahi kuona taa ya "chumvi imepungua", nikatia mifuko miwili, taa ikabaki, nikatia miwili mingine. Nilipopima kwa kipimo cha pembeni nilikuta chumvi imepita kiwango mno, na seli ndiyo iliyokuwa inakufa. Chumvi iliyozidi haina dawa isipokuwa kumwaga maji na kujaza mengine. Kipimo cha chumvi kisichotegemea mashine ni sehemu ya ununuzi, si nyongeza.

Bwawa lenyewe linafaa?

Angalia vyuma kwanza. Ngazi na vishikio vya chuma kisichoshika kutu viwe vya daraja la 316. Vya 304 huanza madoa ya kahawia mapema. Hita yenye mabomba ya shaba inaweza kuishi na chumvi ya kiwango hiki, ila pH ya chini huila haraka kuliko chumvi, na seli lazima ikae baada ya hita, iwe kifaa cha mwisho kabla ya maji kurudi bwawani. Kipande cha zinki kilichounganishwa kwenye waya wa ulinzi hujitoa mhanga kiliwe chenyewe badala ya ngazi. Mawe laini ya ukingoni, ya chokaa au ya mchanga, humomonyoka pale maji yanaporuka na kukauka, hivyo yapakwe kinga au yasuuzwe mara kwa mara. Bwawa lililopigwa plasta jipya lisubiri karibu mwezi kabla ya chumvi.

Waya wa ulinzi, kikata umeme kinachohisi uvujaji na uunganishaji wa vyuma vyote vilivyo karibu na maji ni kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko matamu.

Mashine za chumvi kidogo, zinazofanya kazi kwenye gramu 1 na nusu hivi kwa lita, zinawafaa wenye hofu na mawe na bustani zao. Seli zake hufanya kazi kwa taabu zaidi kwa ukubwa uleule, basi ongeza gramu. Zile za "madini" ya magnesiamu na potasiamu nazo hutoa klorini kutokana na kloridi kama nyingine zote. Ukipenda maji yanavyohisiwa mwilini, haya, lakini usilipe ukidhani umeikwepa klorini.

Kuanza

Usiiwashe mashine kwenye maji ya kijani ukitarajia iyasafishe. Yasafishe kwa klorini ya maji, ufike kiwango cha kawaida, ndipo mashine ipokee kazi ya kukilinda. Pima chumvi iliyopo, kwa sababu bwawa lililotiwa klorini kwa miaka lina chumvi tayari. Kisha toa kilichopo kwenye unachotaka, zidisha kwa mita za ujazo, upate kilo. Ukitaka gramu 3.2 na iliyopo ni 0.4, tofauti ni 2.8, mara 70, kilo 196. Tia robo tatu yake, sambaza kwa brashi upande wa kina kifupi, zungusha siku moja, pima, ndipo umalizie. Mashine iwe imezimwa wakati wote huo, na chumvi isipite kwenye kikapu cha kunyonyea. Itafute iliyo safi kwa asilimia 99 au zaidi, isiyo na madini joto wala dawa ya kuzuia kugandamana.

Kinga ya jua niliyoitaja ni asidi ya sayanuriki, ambayo mafundi huiita stabilaiza. Bila hiyo, jua kali huondoa sehemu kubwa ya klorini ndani ya saa moja au mbili, na hakuna mashine itakayoshindana nalo. Watengenezaji wengi wa mashine hizi hutaka miligramu 60 hadi 80 kwa lita kwa bwawa la nje. La ndani halihitaji. Fuata kitabu cha mashine yako, na kumbuka kwamba kadiri kinga inavyopanda, ndivyo klorini huru, ile iliyo tayari kuua vijidudu, inavyopaswa kupanda.

Anza na asilimia 50. Pima klorini jioni tatu mfululizo kwa saa ileile. Ikishuka ongeza kidogo, ikipanda punguza. Tarajia pH kupanda, maana vipovu vya haidrojeni hufukuza kabonidioksidi majini. Ishushe kwa asidi ikipita 7.8, na jumla ya alkali, ile inayozuia pH kuyumba, ikae miligramu 60 hadi 80 kwa lita, chini kidogo ya bwawa la kawaida. Ukiirundikia magadi bila sababu utanunua asidi kila wiki. Maji yakishuka chini ya nyuzijoto 10 hadi 15, mashine nyingi hujizima zenyewe. Si ubovu, wakati huo tumia klorini ya maji.

Seli ifungue kila miezi mitatu, umeme ukiwa umekatwa. Kama mabamba ni safi, irudishe ulivyoikuta. Likiwepo gamba, jaribu kwanza mpira wa maji, kisha kijiti cha mbao, kamwe si bisibisi. Likigoma, vaa glavu na miwani, kaa nje, mimina asidi ndani ya maji, sehemu 1 kwa 10, wala si maji ndani ya asidi, na iloweke hadi povu litulie, bila kulowesha viunganishi vya waya. Asidi isikaribie chombo chochote chenye klorini. Vikikutana hutoa gesi ya sumu. Kila mwosho wa asidi hupunguza rangi, kwa hiyo usioshe kwa mazoea.

Siku ya kwanza, andika kwa wino usiofutika ndani ya kifuniko cha kisanduku: tarehe ya kufunga, namba ya seli, ampea ilizovuta na nyuzijoto za maji. Miaka mitatu baadaye, taa ya chumvi itakapowaka huku kipimo cha pembeni kikisema 3.2, utalinganisha ampea kwenye joto lilelile, nawe utajua kama unahitaji mfuko wa chumvi au seli mpya.